Bibi, yanga na neno "aid"

Bibi yangu wa Manyoni hakuwahi kuuita msaada. Aliuita "yanga". Ni ule unga wa mahindi ya njano ya Marekani, wa njaa ya katikati ya miaka ya 70, uliobatizwa jina hilo kwa rangi ya jezi za Young Africans. "Tulipewa yanga," alisema. Lakini jirani aliyempa debe la uwele msimu huohuo, huyo "alitusaidia".

Nilikuwa mdogo, sikuona tofauti. Niliiona miaka mingi baadaye nikiwa chumba cha habari, nilipotafsiri taarifa ya Kiingereza yenye "aid" na "help" katika sentensi moja. Nikaandika msaada mara mbili. Mhariri akanirudishia: "Umerudia neno."

Waingereza wenyewe hawachanganyi. Anayezama hupiga kelele "Help!", sijasikia aliyezama akaita "Aid!". "Help" ni neno lao la kale, la nyumbani. "Aid" lilitoka Kilatini, likapitia Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, likazoea mahakama na hazina. Na huko hazina ndiko nilikoshangaa. Enzi hizo "aid" ilikuwa fedha ambayo walio chini walimtolea bwana wao! Magna Carta ya 1215 ilimbana mfalme asiitoze bila ridhaa ya baraza, isipokuwa kwa mambo matatu: kumkomboa akitekwa, kumtawaza mwanawe wa kwanza kuwa naiti, na kumwoza binti yake mkubwa. Yaani msaada ulikuwa unapanda. Mkubwa ndiye aliyesaidiwa, tena kwa lazima.

Ukishajua hivyo, historia ya kwetu inasomeka vingine. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo kutoka Ugogo, ambao unafika hadi Manyoni. Mvua zilipokataa hapakuwa na akiba. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia makala nzima, wala hamtaji mungu wa mvua peke yake kama mshitakiwa. Ile ilikuwa "aid" ya zamani kabisa: mnyonge kumlipia mkubwa vita yake.

Baadaye neno likageuka, likaanza kushuka. Mwaka 1954 Marekani ilitunga sheria ya kupeleka nje ziada ya nafaka ya wakulima wake, na njia ya yanga ikafunguka. Sisi Azimio la Arusha lilikuwa limeshatuonya, 1967, kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kungehatarisha uhuru. Miaka 7 baadaye, ukame umepiga na watu wamehamishiwa vijijini kwa operesheni, tukala. Sikejeli. Mwenye njaa hachagui rangi ya ugali.

Ila kuna kitu kilipotea kwenye tafsiri. Saidia ni neno la Kiarabu, mzizi mmoja na jina Saidi, mzizi wa heri. Kiswahili kililipokea kikalivisha -ana: saidiana. Harold Schneider, Mmarekani aliyeishi kwa Wanyaturu, majirani zetu wa kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 50, aliandika The Wahi Wanyaturu (1970) akieleza watu wanaopiga hesabu: nafaka inageuzwa mifugo, na anayekuja kukulimia anakunywa pombe yako. Unaweza kumlaumu kwamba kawafanya wazee wale wafanyabiashara watupu. Mimi naona hesabu ile ndiyo -ana yenyewe. Aliyesaidiwa alibaki na kitu cha kurudisha, na siku ya kurudisha.

Bibi alirudisha lile debe msimu uliofuata, akaongeza na kuku juu. Yanga angemrudishia nani? Alibakiwa na gunia tu, lenye picha ya mikono miwili inayoshikana. Nililikuta bado lipo, kachanika pembeni, analitumia kuanikia uwele.