Loresho Iko na Kisima, Kangemi Iko na Mtungi

Kila wiki kuna msee mtandaoni anasema serikali imeshindwa, kila kitu kipewe sekta binafsi. Sawa. Tuongee maji ya Nairobi basi, juu hapa hiyo kitu ilishafanyika kitambo na wengi wetu hatukuiona ikifanyika.

Naishi Loresho, chumba cha nyuma kwa anti yangu (niliacha chuo, msinicheke). Sijawahi kukosa maji ya kuoga, kwa sababu ploti iko na kisima na pampu. Vuka Waiyaki Way uingie Kangemi, utapata vijana wa rika langu wakisukuma mkokoteni umejaa mitungi ya lita 20.

Jina Nairobi lenyewe ni maji baridi, kwa Kimaasai. Reli ilifika hapa 1899, na treni ya mvuke bila maji haiendi popote. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mabomba yakavutwa kutoka chemichemi za Kikuyu. Hiyo reli haikuwa ya tajiri fulani, ilikuwa ya serikali ya Uingereza. Kisha likaja bwawa la Ruiru, 1938, na Sasumua, 1956. Zote pesa za umma. Lakini umma gani? Kangemi ilikuwa ndani ya rizavu ya Wakikuyu, nje ya mji. Iliingizwa Nairobi wakati mipaka ilipopanuliwa 1963 na jiji likafika karibu kilomita mraba 690. Kwa usiku mmoja watu wakawa wa mji. Bomba halikukimbia na hiyo kasi.

Serikali huru nayo ilijenga, tusiidanganyie. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a lilikamilika 1994, linabeba lita bilioni 70. Baada ya hapo jiji halikupata chanzo kingine kikubwa mpaka handaki la Murang'a, kilomita 11.8, lilipozinduliwa 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Estate ngapi zimemea hapo katikati?

Kulikuwa na jaribio la kuleta kampuni ya nje. Karibu mwaka 2000, kampuni iliyohusiana na Vivendi ya Ufaransa ilikuwa ipewe mkataba wa miaka 10. Kazi yake? Kushughulikia bili. Si kuleta maji mapya, bili! Kelele zikapigwa, mkataba ukafa. Halafu ikaja Sheria ya Maji ya 2002, na kampuni ya maji ya Nairobi ikaundwa, ila mwenye hisa zote alikuwa kanjo. Kampuni kwa jina.

Sekta binafsi ya ukweli iliingia bila tenda. Mwenye pesa akachimba kisima. Mwenye lori akaanza kuuza maji kwa apartimenti. Mwenye mkokoteni akachukua mitaa iliyobaki. Ripoti ya UNDP ya 2006 ilisema watu wa mitaa ya mabanda Nairobi hulipia lita moja mara 5 hadi 10 kuliko matajiri wa jiji hilo hilo. Soma tena hiyo sentensi. Maskini ndiye anaishi kwa soko huria, tajiri ndiye alipata bomba la serikali.

Sina shida na msee wa mkokoteni, huyo anatoa jasho. Wanaonisumbua ni sisi wa kisima. Loresho kuna mawakili, madaktari, watu walio na namba ya simu ya mkubwa fulani. Mifereji yao ikikauka kabisa mwezi mzima, hiyo simu ingepigwa. Lakini walishajitoa. Na hata huko chini ya ardhi hakuna maji ya kila ploti peke yake: wote tunavuta hifadhi moja, na kiwango chake kinashuka mwaka baada ya mwaka. Visima vingi vya Nairobi pia vina floridi nyingi, ile ya kuchafua meno.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na ya kutosha. Juzi nilimuuliza anti, akiwa anamwagilia maua, mara ya mwisho alipiga simu kulalamika maji ni lini.

"Nilalamike nini," akaniuliza, "na tuko na kisima?"