Kipande cha Mkonge na Daftari la Simu

Uwanda wa Makuyuni, uliolala chini ya milima ya Usambara kati ya Korogwe na Mombo, umepitiwa na vitu vingi vilivyotoka mbali, na kila kilichopita kiliwaachia wenyeji desturi mpya ya kuaminiana, kulipana na kuhesabu siku zao. Tarehe ya nchi hii aghalabu husimuliwa kwa majina ya watawala. Lakini nguo, bunduki, karatasi na simu navyo vimetawala, na ni insafu vitajwe.

Kimweri ye Nyumbai aliitawala Usambara akiwa Vugha, mji wa mlimani, na ukwasi wa enzi yake ulikuwa mifugo, vyakula na kodi iliyopandishwa na raia. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde katika njia ya misafara iendayo Pangani, alikuwa na nguo za merikani, baruti na bunduki za kuwagawia wafuasi, hata kijana aliyerithi kiti cha Vugha akashindwa kumtiisha. Bidhaa za uwandani zikawa zimeushinda urithi wa mlimani.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Katika mwaka huohuo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe. Mkonge ulitaka mikono mwaka mzima, ilhali mkulima wa Kizigua na wa Kisambaa alifuata mvua, akilima kwa majira yake na kuoza wanawe baada ya mavuno. Dawa waliyoiona wenye amri ilikuwa karatasi: mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi za kuwalazimisha kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Karatasi ya namna hiyo, iliyoitwa kipande, ikadumu hata zama za Waingereza. Siku ilitiwa alama pale tu kazi iliyopimwa ilipokamilika, na ujira ulistahili baada ya alama 30, hata kama zilichukua zaidi ya siku 30. Basi mwezi wa kazi haukuwa tena mwezi wa kuandama. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji walikutana makambini, wakapatana kwa Kiswahili, wakachezeana ngoma za kwao. Dhuluma ilikuwapo, maana kalamu ilikuwa ya karani. Walakini karatasi ilikaa kwa mfanyakazi mwenyewe, na hata asiyejua kusoma aliweza kuzihesabu alama zake na kudai haki.

Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, nchi ilipotoa takriban tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikaiporomosha bei. Baada ya karatasi ikaja simu: mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, iliingia Tanzania, na leo mwuza machungwa wa Korogwe hupokea fedha za mwanawe aliye Dar es Salaam, huchangia harusi ya jirani na kukopa, yote kwa kubonyeza tarakimu. Neema hii ni kubwa. Lakini hesabu inayoamua kama anaaminika kukopeshwa haimo mkononi mwake: imo katika mitambo ya mbali, wala hajui ni alama zipi alizotiwa na zipi alizonyimwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake. Haki hiyo na ifundishwe masokoni na shuleni kwa Kiswahili chepesi, mpaka mkopaji wa Makuyuni aweze kuikagua hesabu yake mwenyewe na kuipinga inapomdhulumu.