Kutoka Uburetwa hadi Skrini: Historia ya Haki ya Mapumziko Kazini katika Rusizi, Rwanda

Utangulizi

Wilaya ya Rusizi, iliyoundwa katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 kutokana na sehemu ya uliokuwa Mkoa wa Cyangugu, ni lango la Rwanda kuelekea Bukavu. Katika vituo vyake vya mpakani, ofisi za serikali na benki, sehemu kubwa ya kazi ya karani sasa hufanyika mbele ya skrini. Je, karani huyo ana haki gani ya kusimama na kupumzisha macho kabla ya saa ya chakula cha mchana? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba kanuni za kazi zilizopita katika eneo hili zimehesabu zaidi siku na saa anazodaiwa mfanyakazi, huku mgawanyo wa ndani wa saa hizo ukibaki mikononi mwa anayeamuru kazi.

Siku zilizodaiwa

Eneo hili lilijulikana zamani kwa jina la Kinyaga. Catharine Newbury, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1988, ameeleza jinsi uburetwa, yaani kazi ya shuruti kwa chifu, ulivyoingia huko kufuatia upanuzi wa mamlaka ya Mwami Rwabugiri mwishoni mwa karne ya 19. Juma la Kinyarwanda lilikuwa la siku 5, na siku 2 kati ya hizo zilidaiwa na chifu. Misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa mwaka 1903, ilileta juma la siku 7 na pumziko la Jumapili. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kibelgiji ulipunguza siku za uburetwa hatua kwa hatua hadi siku 1 kati ya 7, na mwaka 1949 ukaufuta rasmi, ukiweka malipo ya fedha mahali pake.

Mageuzi hayo yote yalihusu idadi ya siku. Muda wa kupumzika ndani ya siku yenyewe haukuwa haki ya mtu anayefanya kazi. Wanakinyaga wengi walivuka kwenda kutafuta ajira Bukavu, wakapata ujira. Hata hivyo, ujira ulibadilisha malipo ya siku bila kumpa mfanyakazi mamlaka juu ya mpangilio wake.

Saa zilizohesabiwa

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Rwanda ilipata Kanuni ya Kazi ya mwaka 1967, kisha sheria za mwaka 2001, 2009 na 2018. Sheria Na. 66/2018 iliweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Kuhusu ratiba ya kila siku ya kazi na mapumziko, iliacha uamuzi kwa mwajiri, ikaongeza kwamba mapumziko hayo hayahesabiwi kuwa saa za kazi. Mwaka 2023 kikomo kilishushwa hadi saa 40. Watumishi wa umma walikuwa wamekwisha kuanza, Januari mwaka huo, ratiba ya saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, pamoja na saa 1 ya chakula.

Mageuzi ya mwaka 2023 ni hatua kubwa, lakini yamegusa jumla ya saa tu. Pale ambapo idadi ya wateja haikupungua, kazi ileile huweza kubanwa katika muda mfupi zaidi, na karani akaketi bila kuinuka.

Mifano ya kujifunzia

Jirani wa Rwanda amekwenda mbali kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hata hivyo, saa 5 ni muda mrefu kwa macho na mgongo. Jumuiya ya Ulaya, kwa Agizo 90/270 la mwaka 1990, ilimtaka mwajiri apange kazi ya skrini ili ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko au kwa kubadilisha shughuli.

Rwanda yenyewe inao mfano wake. Sheria Na. 13/2009 ilimpa mama anayenyonyesha saa 1 ya mapumziko kila siku, yenye malipo, kwa miezi 12. Kwa hiyo wazo la pumziko linalolipwa ndani ya siku ya kazi si geni katika sheria ya nchi.

Hitimisho

Pendekezo linalotokana na historia hii ni agizo la waziri lenye mambo matatu: mapumziko mafupi ya kazi ya skrini yahesabiwe kuwa saa za kazi, kubadilisha shughuli kukubaliwe kuwa sehemu ya mapumziko hayo, na kila dirisha la huduma liwe na mtu wa kupokezana. Jambo la tatu ni la lazima. Mpakani Rusizi, dirisha likifungwa bila mbadala, gharama ya pumziko la karani humwangukia mchuuzi aliye foleni na mzigo kichwani, na haki ya mmoja hugeuka kero ya mwingine.