TV Ikizimwa, Stori Huhamia Wapi?

Wiki jana niliweka video fupi nikisema taarifa ya habari ya saa moja jioni bado ina maana. Manze, nilichapwa kwa komenti. Msee mmoja aliandika: "Nani bado anaangalia TV? Mimi habari nazipata kwa komenti tu." Watu mia mbili na kitu wakampigia like. Sikumjibu, maana jibu lake ni refu na lina historia ndani, na kwa komenti ukipita mistari minne hakuna anayesoma. Basi kaeni hapa dakika tano niwachapie hiyo stori. Kwa wale wapya: mimi ni wa Mghange, milima ya Taita, chuo niliachia mwaka wa pili, kwa hivyo msitarajie tanbihi.

Kwanza, kubishana juu ya TV hakukuanza na simu. Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, na kwa miaka mingi seti ilikuwa mali ya wenye pesa. Babu yangu anasema ya kwanza aliyoiona ilikuwa Voi, ndani ya duka, watu wamesimama nje wakichungulia. Huku juu ilikuja baadaye sana, nyeusi na nyeupe, inaendeshwa na betri ya gari, nyumbani kwa mwalimu mmoja. Watu walikuwa wanapanda kilima na baridi yote ile kwenda kuona Vitimbi na Vioja Mahakamani. Lakini kabla ya kucheka ilikuwa lazima umeze taarifa ya habari. Stesheni ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya, ambayo 1989 iligeuzwa jina ikawa KBC. Na habari ya kwanza ilikuwa ni ile ile kila siku: Mtukufu Rais leo amefanya nini.

Babu anasema hapo ndani hakuna aliyefungua mdomo. Mdomo ulifunguka mkishatoka nje, kwa giza, mkiteremka kwenda nyumbani. Hapo ndipo mtu aliuliza, kwa Kidawida na kwa sauti ya chini, "Na ile barabara alisema itajengwa, si ni ile aliyosema mwaka jana?" Hiyo njia ya kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa sehemu ya komenti. Na ilikuwa na sheria zake. Ulijua unatembea na nani. Ulijua nani hupeleka maneno kwa chifu. Mtu akidanganya leo, kesho jioni mko naye kwa njia ile ile.

KTN ilipokuja 1990, ya kwanza ya watu binafsi, serikali haikuwa tena na TV peke yake. Lakini swichi bado ilikuwa nayo. Hapa ndipo nataka mniskize vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaanza kuhesabu 2024, na hii kitu ni ya zamani.

Tarehe 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso waliivamia kampuni ya Standard, na KTN ikazimwa. Tarehe 30 Desemba 2007, siku ile Kibaki alitangazwa mshindi, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja (kwa Kiswahili cha studio, mubashara, neno ambalo sijawahi kusikia mtu akilitumia akiwa na njaa). Nchi ilikuwa inawaka, na TV haikuruhusiwa kuonyesha moto ukiwa moto.

Sasa watu walienda wapi? Wachache waliokuwa na intaneti walienda Mashada, uwanja wa mjadala wa Wakenya ulioanzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa anaishi Marekani. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa kuchapa stori za siasa, mpira na mapenzi. Mambo yalipoharibika baada ya uchaguzi, paligeuka uwanja wa matusi ya kikabila. Waliokuwa wakisimamia mazungumzo wakalemewa. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia akaufunga. Fikiria hiyo: serikali imefunga picha, na mwenye uwanja mwenyewe amefunga maneno. Halafu akafungua ukurasa mwingine, I Have No Tribe, yaani sina kabila, watu waandike tu kwa nini wao ni Wakenya. Na mwezi huo huo yeye, Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman walikuwa wameanzisha Ushahidi, ramani ambayo mtu alituma habari ya kilichotokea kwao, na ikawekwa mahali ilipotokea. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa. Mashada ilikuuliza unafikiri nini. Ushahidi ilikuuliza umeona nini, na wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya raha, nitaipita mbio. Ndiyo miaka Wakenya wa Twitter walipata jina, KOT. Machi 2012 CNN walitangaza shambulizi la gruneti Nairobi kana kwamba nchi nzima iko vitani, KOT wakaibuka na hashtegi yao na mwandishi wa CNN akaomba radhi. Februari 11, 2013, mdahalo wa kwanza wa urais, wagombea wanane jukwaani na stesheni zote zikiuonyesha pamoja, na utani ulikuwa mwingi kuliko sera. Julai 2015 CNN tena, safari hii wakituita kitovu cha ugaidi Obama akija kutembea. Moto uliowakishwa mtandaoni ulifanya mkubwa wao, Tony Maddox, apande ndege hadi Nairobi kuomba msamaha. Angalia lakini: raha hiyo yote ilikuwa inakula kwa TV. Bila ile picha kwa skrini hakuna cha kubishania.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Februari 2015 wakati NTV, KTN na Citizen zilizimika pamoja, ule ugomvi wa kuhama kwenda dijitali na nani aruhusiwe kuuza king'amuzi gani. Karibu wiki tatu. Ninachokumbuka ni mathe akigonga TV kwa kiganja.

Ya 2018 naikumbuka vizuri zaidi. Jumanne, Januari 30. Raila anaapishwa Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, na serikali imezima Citizen, Inooro, NTV na KTN. Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa, na nilipitia hoteli moja sokoni. TV ya pale ukutani ilikuwa giza. Lakini kwa meza ya kona kulikuwa na jamaa wa bodaboda mwenye bando, na stesheni zilikuwa bado zinatangaza kupitia YouTube na Facebook. Watu kama kumi na tano juu ya simu moja! Mzee mmoja ameshika chai haoni kitu, anauliza tu, "Ameapa? Ameapa?" Nilipomsimulia babu jioni alicheka, akasema hiyo ni ile nyumba ya mwalimu, imepungua tu ukubwa wa TV. Mahakama Kuu iliagiza Februari 1 stesheni zirudishwe. Zilikaa giza siku zingine kadhaa hata hivyo.

Msidhani ni sisi peke yetu. Ukiteremka Taveta, simu yako inaanza kushika mtandao wa Tanzania kabla hujafika mpakani. Huko, Januari 2016, serikali ilitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Mijadala ya siasa ilikuwa moto JamiiForums, ambako watu huandika bila majina yao. Desemba mwaka huo huo mwanzilishi wake, Maxence Melo, akakamatwa, na moja ya mambo polisi waliyotaka ni taarifa za watumiaji. Swichi ya TV wanayo. Swichi ya komenti ni kujua wewe ni nani.

Sasa nifike 2024, ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu juu.

Juni 25 mnaijua wote. Bunge limeingiwa, TV zinaonyesha, KTN imetoa taarifa kwamba inatishiwa kuzimwa. Mimi nilikuwa hapa ocha, TV ya babu imewashwa, simu mkononi, niko kwa grupu tano kwa wakati mmoja. Binamu yangu anafanya kazi ya duka mjini Nairobi. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu saa nane. Saa kumi hivi, kwa grupu moja ya vijana wa kwetu walio Nairobi, ikatumwa picha ya kijana amelala barabarani, sweta ya kijivu yenye kofia, mkono umefunika uso. Chini yake wameandika: huyu ni wa Taita.

Niliituma kwa grupu ya familia. Niliandika, "Jamani, si huyu ni...?" na jina lake. Niliweka alama ya kuuliza, nikajiambia nimeuliza tu.

Jioni ile intaneti iliyumba nchi nzima. Picha ilikuwa imeshafika, lakini kila kitu kilichofuata kilikwama. Shangazi alianza kulia, majirani wakaja, mtu akawa tayari anaulizia gari la Voi. Babu alikaa mbele ya TV yake, akaniita. "Hii picha umeiona wapi? Mimi niko hapa tangu mchana sijaiona." Nikamwambia babu, TV haiwezi kuonyesha kila kitu. Ni kweli haiwezi. Lakini sikuweza kumjibu ni nani aliyepiga ile picha, wala barabara gani, wala siku gani.

Binamu alipiga saa mbili na nusu usiku kwa simu ya mtu. Yake ilikuwa imeisha chaji, alikuwa ametembea kwa miguu hadi nyumbani. Nilijaribu kuifuta picha. Ilikuwa imeshaingia kwa grupu zingine tatu, na baada ya siku mbili ikanirudia, safari hii huyo kijana ni wa kaunti nyingine na ana jina lingine. Mpaka leo sijui ni nani. Labda ana shangazi pia. Shangazi yangu hajawahi kunitajia hiyo siku. Alitoka tu kwa grupu, na hajarudi.

Kwa hivyo mnaponiambia habari mnazipata kwa komenti, nakumbuka hiyo. Na bado siwezi kuwaambia mkae na TV pekee, kwa sababu Juni 30 Rais aliulizwa maswali na wanahabari watatu Ikulu, TV zote zikaonyesha, na vijana wengi wakaona maswali yao hayakuulizwa vile wangeyauliza. Siku tano baadaye, Julai 5, aliingia mwenyewe kwa Space ya X, zaidi ya watu laki moja wakisikiliza, akaulizwa na vijana moja kwa moja juu ya waliouawa na waliotekwa. Siku ile TV ndiyo ilikuwa inafuata simu.

Juni 25 mwaka jana wa 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV na KTN zikakatwa masafa, baadaye Citizen pia, mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo. TV ya babu ilikuwa giza, na kutoka mlangoni unaona milingoti ya Vuria imesimama kama kawaida ndani ya ukungu. Nikamfungulia YouTube kwa simu, nikaiegemeza kwa sahani ya kimanga. Macho yake hayasomi herufi ndogo, kwa hivyo nikawa namsomea zile komenti zinazopita chini.

Alizijibu zote kwa sauti, moja moja, kana kwamba wenyewe wako sebuleni. Mmoja akaandika kwamba Mombasa Road imefungwa na magari yanachomwa. Babu akanishika mkono. "Muulize ni wapi, Mombasa Road ni ndefu. Kutoka Nairobi mpaka hapo Voi yote ni hiyo hiyo."

Nikaandika hivyo hivyo. Yule msee hakujibu. Lakini tulipata like saba, na babu alitaka nimtajie majina ya wote saba.