Kushuka kwa Bunyoro na Kuinuka kwa Buganda

Sisi wa Kiriaini, ambao wazee wetu waliongozwa na mabaraza wala hawakumsujudia mfalme, twaweza kuona ajabu kwamba watu wagombee kaburi la mfalme miaka sabini. Lakini jambo hilo lilitokea ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

Zamani, katika nchi iitwayo leo Uganda, dola kubwa ilikuwa Bunyoro, mrithi wa Kitara ya kale. Buganda ilikuwa nchi ndogo kando ya ziwa. Majirani waliitegemea Bunyoro kwa chumvi ya Kibiro na kwa majembe ya chuma. Hata hivyo wafalme wake waliwapa wana wao majimbo, na mwana aliyepewa jimbo aliweza kuondoka nalo. Ndivyo alivyofanya Kaboyo yapata mwaka 1830, alipojitenga na Toro. Buganda haikuwa na ufa huo: huko wana wa mfalme walinyimwa majimbo, na Kabaka aliwaweka na kuwaondoa machifu apendavyo. Kwa maoni yangu siri ni hiyo, wala si ushujaa. Maana Wanyoro hawakupungukiwa na ushujaa.

Naam, walikaribia kufufuka. Kabalega alishika enzi yapata 1870, akaunda jeshi la kudumu lenye bunduki, yaani abarusura, akairudisha Toro mkononi mwake. Mwishoni mwa 1893 Kanali Colvile akamwendea na jeshi ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa Waganda. Kabalega alipigana vichakani hadi 1899, akakamatwa pamoja na Mwanga, Kabaka aliyepinduliwa. Wafalme wa dola mbili hasimu wakapelekwa Shelisheli pamoja.

Ujira wa Waganda ulikuwa wilaya za kusini mwa mto Kafu, mlimo makaburi mengi ya wafalme wa Bunyoro, na Mkataba wa 1900 ukaithibitisha mipaka hiyo. Hata Bunyoro iliyobaki ililetewa machifu wa Kiganda. Mwaka 1907 Wanyoro waliwafukuza. Uasi huo waitwa Nyangire, maana yake “nimekataa”.

Kabalega alifia Jinja mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao. Mwezi Novemba 1964, Uganda ikiwa huru tayari, wenyeji wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, wakarudi Bunyoro. Wilaya nyingine zilizotwaliwa hazikuulizwa.