Chazo, Ng'amba na Jarife
Babu yangu wa Kaole alinieleza walivyomvua kasa aina ya ng'amba kwa chazo: samaki huyo hufungwa kamba mkiani, huachiwa, hung'ang'ania gamba la kasa, nao wavuvi huvuta taratibu. Biashara ya gamba la ng'amba ni kongwe. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja magamba ya pwani yetu yakitafutwa sana, yakitanguliwa na ya India tu.

Mkataba wa CITES uliharamisha biashara ya kimataifa ya gamba. Siku hizi anayeniuma moyo ni kasa afaye katika wavu wa jarife, bila hata kutafutwa. Madete, ndani ya Hifadhi ya Saadani, kasa bado hupanda pwani kutaga. Wavuvi wenzangu, mkimkuta kasa hai wavuni, kateni nyuzi, mwachieni aende.