Papasi, Kunguni na Aibu ya Mwenye Nyumba

Ndugu msikilizaji, lipo neno moja ambalo mwenye nyumba hapendi kulitamka mbele za watu. Neno hilo ni kunguni. Mtu atakueleza bila kificho kuwa paa la nyumba yake linavuja, kuwa panya wamemtafunia magunia, au kuwa mchwa wamekula fremu ya mlango. Lakini kunguni akiingia kitandani, familia nzima inafunga mdomo. Watoto wanaonywa wasiseme shuleni. Mgeni analazwa hivyo hivyo na akiamka anajikuna, wenyeji wanasingizia mbu.

Wiki hii tutazame wadudu wawili wanaokaa ndani ya nyumba na kunywa damu ya binadamu aliyelala, yaani papasi na kunguni. Historia yao katika ukanda wetu huu, kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe hadi Kibaha na bonde la mto Ruvu, inaonyesha kuwa aibu hiyo haina msingi. Tena inaonyesha kuwa aibu ndiyo chakula chao cha pili baada ya damu.

Tuanze na papasi, maana vijana wengi wa mjini leo hawamjui hata kwa jina. Papasi ni jamaa wa kupe, lakini si yule wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi siku kadhaa. Papasi hujificha mchana kwenye vumbi la sakafu ya udongo na katika nyufa chini ya kuta. Usiku watu wakilala hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa, kisha hurudi mafichoni. Rangi yake ni ya udongo, ngozi yake ina mikunjo kama ya mfuko mkuukuu, na akishiba huvimba. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mtu akihama nyumba na kurudi baada ya muda mrefu, anaweza kumkuta papasi bado anamngoja.

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 100. Kabla ya reli, safari zote za bara zilikuwa za miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka mto Ruvu na kushika njia ya Unyamwezi, Ujiji na Manyema. Njia nyingine ilitoka Dar es Salaam, ikapanda vilima vya Pugu na kuingia nchi ya Wazaramo kuelekea Morogoro. Wapagazi walibeba pembe, nguo, shanga na chumvi, na kila jioni walitua mizigo mahali pale pale walipotua waliowatangulia. Palikuwa na mabanda ya wasafiri, na humo mtu alitandika mkeka chini na kulala.

Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Banda lenye sakafu ya udongo mkavu linalala watu wapya kila usiku, wala hakuna mwenye banda wa kulifagia. Kwa papasi hiyo ni karamu isiyokwisha. Asubuhi mkeka unakunjwa, mzigo unafungwa, na papasi mmoja au wawili wanasafiri humo bila nauli hadi kambi inayofuata.

Mwaka 1905 daktari mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alikuwa hapa nchini, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huyu ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel. Katika safari yake ya kutoka pwani kwenda bara alichunguza homa iliyokuwa ikiwaangusha wasafiri. Ilikuwa homa kali ya siku chache iliyoondoka mtu akadhani amepona, kisha ikarudi, ikaondoka na kurudi tena. Koch alichimbua vumbi la mabanda ya njiani akawakuta papasi. Ndani yao aliona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi wa springi. Akaendelea kuchunguza, akavikuta hata katika mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba mama papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa, nao huzaliwa wakiwa tayari na sumu hiyo.

Mwaka huo huo, upande wa pili wa njia ile ile ya misafara, waganga wawili waliotumwa na chuo cha tiba cha Liverpool walikuwa Kongo ya mashariki wakifanya uchunguzi kama huo. Majina yao ni Joseph Dutton na John Todd. Wote wawili waliugua homa hiyo. Todd alipona, lakini Dutton alifariki mwezi Februari 1905 huko Kasongo, mji uliokuwa ngome ya wafanyabiashara wa Kiswahili. Hadi leo kijidudu cha homa ya papasi kinaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake. Kasongo na Bagamoyo ziko mbali, lakini njia ya misafara iliziunganisha, na papasi alikuwa abiria wa kudumu.

Jambo la kutafakari ni hili. Koch aliona kuwa wenyeji wazima wa vijiji vyenye papasi hawakuugua sana. Walikuwa wameumwa tangu utotoni, na miili yao ilikuwa imezoea. Aliyeanguka ni mgeni. Basi ushauri kwa msafiri wa Kizungu ukawa mwepisi: usilale katika mabanda hayo, piga hema lako mbali nayo. Ushauri huo ulikuwa wa kweli, lakini ulimwokoa mwenye hema peke yake. Mpagazi asiye na hema aliendelea kulala pale pale. Na wale wenyeji walioonekana kutodhurika walikuwa wamelipa bei mapema, kwa homa za watoto wachanga na mimba zilizoharibika, kwa sababu homa ya papasi humwandama hasa mtoto mdogo na mama mjamzito. Husababisha mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake, na pengine kuzaliwa mfu. Hayo hayakuonekana na mpita njia.

Ni nini basi kilichompunguza papasi katika ukanda wetu? Hakukuwa na dawa moja ya ajabu. Kwanza ilikuja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, treni ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Msafiri aliyepita Pugu, Soga na Ruvu ndani ya behewa hakuhitaji tena kulala katika banda la njiani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za unga zilizonyunyizwa kwenye sakafu. Dawa za jamii hiyo baadaye ziligundulika kuwa na madhara ya muda mrefu, na leo zimepigwa marufuku kimataifa. Lakini kilichomwondolea papasi makao ni nyumba yenyewe kubadilika, kwa sakafu ya saruji, ukuta wa tofali uliopigwa lipu, na kitanda badala ya mkeka. Mahali pasipo na vumbi wala ufa, papasi hana pa kutagia.

Ushahidi wa hilo tunaupata Dodoma. Huko, katika vijiji vya Mvumi, nyumba nyingi za udongo zilibaki, na homa ya papasi ikabaki nazo. Mnamo miaka ya 1990 waganga wa eneo hilo walipulizia dawa nyumba zenye papasi, na taarifa yao iliyochapishwa mwaka 1998 ilionyesha kuwa homa hiyo ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu walikuwa wale wale na usafi wao ule ule. Kilichobadilika ni hali ya nyumba.

Tumgeukie sasa kunguni. Kitanda cha kamba kilimwinua mtu kutoka kwenye vumbi la papasi, lakini kilimkabidhi kwa kunguni, kwa maana mafundo ya kamba na matundu ya mbao ni nyumba nzuri kwake. Wazee wetu walijua dawa yake. Kitanda kilitolewa uani juani, kikapigwapigwa chini, kisha kikamwagiwa maji yanayochemka kwenye kila kona. Haikuwa siri. Jirani alipoona kitanda uani hakucheka, alikumbuka cha kwake.

Baadaye kikaja chandarua chenye dawa. Katika miaka ya 1990, jirani zetu wa Bagamoyo, katika mkoa huu huu wa Pwani, walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kutumia vyandarua hivyo kwa wingi dhidi ya malaria. Watu wakagundua faida ambayo hawakuitarajia, kwamba kunguni nao walitoweka. Kwa wengine hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kukipenda chandarua, maana malaria huonekani ikiingia, lakini kunguni unamsikia.

Furaha hiyo haikudumu kila mahali. Huko Muheza, mkoani Tanga, kunguni walitoweka kwa miaka kadhaa, kisha wakarudi. Watafiti walipowapima, na kutoa taarifa yao mwaka 2002, walikuta kuwa kunguni hao wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ile iliyowekwa kwenye vyandarua. Dawa iliua wanyonge, ikaacha wenye nguvu, na hao wenye nguvu ndio waliozaa. Kwa hiyo leo mtu wa Maili Moja au Mlandizi akinunua dawa ya kupulizia, akapuliza mara tatu na kunguni wakaendelea kutembea, asidhani ameuziwa maji. Huenda dawa ni halali, ila kunguni ameizoea.

Tuseme basi mambo ya kutenda. Kunguni utamtambua kabla hujamwona. Tazama mishono ya godoro, nyuma ya ubao wa kichwani, katika matundu ya misumari na pindo za mapazia. Ukiona vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino, magamba mepesi ya rangi ya kahawia, au ukisikia harufu nzito isiyo ya kawaida, usingoje. Chemsha maji. Shuka, foronya na vyandarua vya kawaida vifuliwe kwa maji ya moto na vianikwe jua kali. Kitanda kifunguliwe vipande na kumwagiwa maji yanayochemka nje ya nyumba. Chandarua chenye dawa kifuliwe kama maelezo yake yanavyosema, maana maji ya moto huiharibu dawa. Ziba nyufa za ukuta. Rudia kazi yote baada ya wiki mbili, kwa kuwa mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Godoro au kochi la mtumba likaguliwe uani kabla halijavuka kizingiti. Na tafadhali, usimwage petroli wala usipulize dawa ya shambani chumbani wanakolala watoto. Kunguni anawasha na kukosesha usingizi, lakini haijathibitika kuwa analeta ugonjwa. Moto na sumu vinaua.

Kuhusu papasi, mwenye nyumba ya udongo, iwe Maneromango au kwingineko, aimwagilie maji sakafu na kuishindilia, azibe nyufa za chini ya kuta, na asilaze mtoto chini. Na yeyote anayetoka safari ya vijijini akapata homa inayoondoka na kurudi, huku kipimo cha haraka kikisema hana malaria, amweleze mganga wapi alilala. Kipimo hicho hutafuta malaria tu, hakimwoni kijidudu cha papasi. Damu inatakiwa itazamwe kwa darubini. Homa hiyo ina tiba, na tiba yake si ya gharama kubwa, lakini itolewe hospitalini ambako mgonjwa ataangaliwa.

Ndugu msikilizaji, tangu mwezi Juni 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu, pale pale walipopita wapagazi na behewa za Mjerumani. Kibaha imejaa wapangaji wanaokwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi usiku, na mabasi ya mikoani yanapita mchana kutwa. Mahali penye msafara hapakosi abiria asiyelipa nauli. Kunguni hachagui nyumba chafu, anachagua nyumba yenye watu wanaolala. Hoteli kubwa za Ulaya na Marekani zinamjua vizuri.

Kwa hiyo nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita haiwezi kumshinda kunguni ikiwa mmoja anapuliza dawa kwa siri na watano wamenyamaza. Atahama chumba cha kwanza, atakaa cha pili, na mwezi ujao atarudi. Mwambieni mwenye nyumba, kubalianeni siku moja, toeni vitanda vyote uani kama walivyofanya bibi zetu. Atakayecheka, mwulizeni cha kwake alikikagua lini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kunguni huumbuliwa na mgeni.